Siku Nilipomvua Viatu Mpiga Fidla

Kila tunapokutana kwenye harusi na misiba yetu ya huku, ninyi vijana mnanizunguka na sahani zenu za pilau mkiniuliza: Mzee Yona, mtu anaanzaje kuwa fundi wa kurekodi muziki? Nami jibu langu ni lilelile. Anza kwa kuegesha magari.

Mimi nilianza hivyo. Hoteli moja ya Alexandria, hii ya huku Marekani, ilinivika koti jekundu, ikanipa kibanda cha funguo, nikaegesha magari ya wakubwa wa dunia hii mpaka nikawa nalijua gari kwa mkoromo wake. Gari likiwa bado ng'ambo ya mto, mimi nimeshasimama mlangoni, na ugonjwa wake naujua kuliko mwenyewe. Mnacheka, lakini sikio ndilo lililonitoa kwenye lile koti. Nikajiandikisha shule ya jioni, nikasomea kurekodi sauti huku nasinzia kwenye dawati la mbele ili mwalimu aone kwamba angalau nimekuja, nikahitimu. Cheti kilikuwa kikubwa, ilibidi tukiingize nyumbani kwa ubavu.

Nacho hicho cheti nikaenda mji wa Greenbelt kwa Mzee Otis. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, fundi mstaafu wa redio, mwenye studio chini ya nyumba yake. Nusu ya jirani zake walikuwa wanasayansi wa vyombo vya angani. Wao wanasikiliza nyota, yeye anarekodi kwaya. Alikitazama cheti changu mbele na nyuma, kama mama anayekagua samaki sokoni, kisha akanipa waya wa maikrofoni.

"Kunja."

Nikauzungusha kwenye kiwiko, haraka, kama tunavyokunja kamba ya ng'ombe kwetu Dodoma.

"Umeninyonga waya wangu," akasema. "Ulikukosea nini?"

Waya, wanangu, una hiari yake. Unaufuata. Duara la kwanza linalala juu, la pili unaligeuza kwa chini, na ukiurusha sakafuni unafunguka wote bila fundo. Nilikunja waya mpaka ndotoni. Mke wangu aliamka akakuta nimekunja mkanda wa gauni lake la kulalia, tena kwa ufundi wa hali ya juu.

La pili alilonifundisha ni kupiga kofi. Ukiingia chumba chochote, kabla ya kufungua sanduku, piga kofi moja usikilize chumba kinakujibuje. Mimi mpaka leo nikiingia benki napiga kofi. Walinzi wamenizoea.

La tatu ni chai. "Usiweke maikrofoni hata moja," alisema Otis, "kabla hujaketi na wanamuziki ukanywa nao kitu cha moto. Watazame wanavyokaa na wanavyopeana sukari. Ukimaliza kikombe utajua maikrofoni zinakwenda wapi." Hili la tatu nililiona la wazee wenye muda. Sikulisomea shuleni, na mimi nilikuwa nimesoma.

Sasa ndiyo wakaja Mama Nuala na Declan.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama Nuala alikuwa Mwairishi wa umri wa kustaafu, mpishi wa kantini kule Upper Marlboro, jirani na mahakama ya kaunti, na alipiga fidla. Declan alikuwa fundi wa ujenzi, mdogo kwake kwa miaka kama ishirini, mabega kama kabati la vyombo, na alipiga kodiani. Hawakuwa ndugu wala wapenzi. Walikutana ughaibuni kwa sababu ya muziki wa kwao, wakapiga pamoja kila mwisho wa wiki kwa miaka mingi sana. Mnajua wenyewe, mtu akiwa mbali na kwao hushikamana na yule anayejua nyimbo zilezile.

Na Declan alikuwa anarudi Ireland. Miaka ile kwao kazi zilikuwa zimefumuka, majengo yanaota kama uyoga, na vijana wao waliokuja Marekani kutafuta riziki wakawa wanarudi kwa makundi. Tiketi alishakata.

"Fidla nitabaki nayo," Mama Nuala aliniambia siku ya kwanza, kama mtu anayeagiza chumvi. "Nyimbo nitabaki nazo. Ninachotaka mnitunzie ni sisi wawili tunavyopiga. Hicho peke yangu sikiwezi."

Nikamwambia amefika. Otis alikuwa na kazi ya kwaya kule Baltimore Jumamosi tuliyopanga, akaniachia studio. Fikirini: studio nzima, mimi na cheti changu.

Wale watu walifika na chupa ya chai ya maziwa, nzito, ile kama yetu kasoro tangawizi. Mama Nuala akamimina vikombe, akanisogezea changu. Nikamshukuru, nikakiweka juu ya mashine, nikaanza kazi. Shule ilitufundisha kwamba kila chombo kirekodiwe peke yake ili baadaye ukitengeneze utakavyo. Kwa hiyo Mama Nuala nikamfungia kwenye kibanda cha kioo. Declan nikamweka chumba cha kufulia, katikati ya mashine ya kufua na ya kukausha, mlango nikaufunga. Kila mmoja nikamvika hedifoni, na ndani ya hedifoni nikawawekea mlio wa kuhesabia, tik, tik, tik, ili wasikimbie.

"Huyu anayegonga ni nani?" Mama Nuala akauliza.

"Ni mashine, mama. Inawahesabia."

"Tumekosea kuhesabu?"

"Hapana, ni kwa usalama."

Wakaanza. Nami nikasikia kwenye spika kitu kingine: du, du, du. Nikadhani ni bomba la maji. Nikaenda kukagua bomba, halina neno. Nikakagua tanuri la kupashia nyumba joto, limelala. Nikarudi, nikatazama kupitia kioo, na nikamwona mwizi: mguu wa kulia wa Mama Nuala, ndani ya kiatu cheusi chenye kisigino kigumu, unapiga sakafu kama unaidai. Nikatandika zulia. Du, du, du. Nikakunja zulia mara mbili. Bado. Kule kwa Declan ilikuwa balaa zaidi, maana alikuja na mabuti ya kazini, yale yenye chuma puani, na mashine ya kufua ilikuwa inamwitikia.

Basi nikafanya nilichofundishwa. Nilifungua mlango wa kibanda nikasema, "Mama, naomba uvue viatu."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa avue meno.

"Mwanangu, nikivua hivi sijui kama mkono utakubali."

"Utakubali, mama. Maikrofoni inasikia miguu."

"Basi ina akili," akasema, lakini akavua. Declan naye akabaki na soksi nyekundu, kidole gumba kimechungulia nje kuona kinachoendelea.

Tulifanya kazi siku nzima. Na hapa lazima niwaeleze kidogo muziki wenyewe ulivyo. Hizo nyimbo zao za kuchezea hazina maneno. Kila mmoja ni mfupi, unazungushwa mara mbili tatu, kisha bila kusimama wanaruka kwenye wimbo mwingine, na kutoka huo wanaruka tena. Hakuna karatasi. Aliyeanzisha ndiye mwenye amri: akiinua macho akamtazama mwenzake, maana yake tunaruka, au tunamaliza. Jicho moja tu. Sasa jicho, wanangu, halipiti kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Fidla ikaruka, kodiani ikabaki. Kodiani ikaifukuza, fidla imeshafika Boston. Ikabidi nisimame katikati na taulo, napunga kwenye kioo, kisha nakimbia kupunga kwenye upenyo wa mlango. Nilipungua kilo tatu siku ile, na taulo likapungua mbili.

Lakini sauti ilitoka safi. Safi kama sahani ya mgeni. Jioni nikawakalisha mbele ya spika, nimejaa kama puto, nikawasikilizisha.

Declan, mtu wa adabu, akasema, "Inasikika vizuri sana."

Mama Nuala akanyoosha kidole kwenye spika ya kushoto. "Huyu anayepiga ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Na yule?"

"Declan."

"Wanafahamiana?"

Mama akainama akavaa viatu vyake taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Declan akasema kwa sauti ndogo kwamba ndege yake inaondoka Jumatatu ya wiki ya pili. Kabla ya hapo Jumamosi iliyobaki ni moja tu.

Otis aliporudi usiku uleule nikamsikilizisha. Alisikiliza wimbo mmoja, akazima. Nikangoja anifukuze. Badala yake akauliza, "Chai yao ilikuwaje?"

"Sikuinywa. Ilipoa."

"Mm," akasema. "Kesho Jumapili, mchana njoo na viatu vya kanisani."

Jumapili hiyo alinipeleka Alexandria, ukumbi wa kanisa moja la zamani lenye sakafu ya mbao. Ndipo Mama Nuala na Declan walipokuwa wakiwapigia Wairishi wenzao dansi. Mtunza ukumbi alikuwa Papa Kasongo, Mkongomani wa Lubumbashi, mpiga gitaa mstaafu niliyemfahamu kwa sababu bendi yake tuliwahi kuirekodi. Akatuketisha pembeni.

"Yona, ndugu yangu," akaninong'oneza, "leo utaona bazungu banacheza mpaka misumari inatoka. Mimi kila juma ya pili niko na kazi ya kurudisha misumari."

Mama Nuala na Declan walikaa kwenye viti viwili vya mbao, wamegeukiana, goti na goti, ungeweza kupitisha sarafu tu katikati. Wakaanza. Otis akaniuliza, "Unasikia nini?"

"Fidla na kodiani."

"Tazama chini."

Nikatazama chini. Mguu wa Mama Nuala unapiga, mguu wa Declan unajibu, na ubao wa sakafu unapeleka pigo la huyu kwenye kiti cha yule. Hawakuwa wanasikilizana kwa masikio tu. Walikuwa wanasikilizana kwa makalio, mnisamehe. Mguu wa mama ukiongeza mwendo kidogo, mabega ya Declan yanajua kabla ya vidole. Na mimi nimevua viatu vya watu, nikawapa tik, tik, tik.

Haya, oneni bahati yangu mbaya. Mimi ni Mgogo. Baba yangu mdogo alikuwa mpiga zeze, na nilikua namwona anafunga njuga mguuni kabla ya kushika upinde. Hakuna mtu hata mmoja kwetu angemwambia avue njuga ili tumsikie vizuri. Angechekwa mpaka Singida. Nimesafiri nusu ya dunia, nimesoma shule ya jioni, ili nije kumwambia mama wa watu avue njuga zake.

"Kumbe," nikamwambia Otis.

"Kumbe," akasema, maana neno hilo nilishamfundisha.

Jumamosi iliyobaki tukaacha studio. Tuliomba ukumbi. Kasongo akakubali, ila akatuonya: "Hapa ndege zinapita juu sana, bon, ziko zinashuka kwa uwanja ya kando ya mto. Na frigo ya jikoni inaimba bass."

Sikilizeni sasa, maana hii haimo kwenye kozi. Ukirekodi mahali penye friji, lichomoe, kisha weka funguo za gari lako ndani yake. Huwezi kwenda nyumbani bila kulifungua, na ukilifungua unakumbuka kulichomeka. Nilimwambia Kasongo.

"Muko keki ya ubatizo mule ndani," akasema.

"Basi weka funguo juu ya keki."

"Juu ya keki hapana, ndugu. Mama ya mtoto ataua mimi, halafu wewe, halafu atabatiza kaburi yetu."

Funguo zikakaa kwenye siagi.

Safari hii tuliketi kwanza. Mama Nuala akamimina chai, nikanywa changu chote nikaomba kingine. Nikaona kwamba yeye hukaa kushoto daima, na Declan humgeukia kwa bega la kulia. Nikaona anapotaka kusema jambo hugonga kijiko, naye Declan hunyamaza hata kama yuko katikati ya neno. Kikombe kilipoisha nilijua viti vinakaa wapi. Maikrofoni mbili tu mbele yao, kimo cha kifua, na ya tatu nikailaza chini karibu na viatu. Hakuna hedifoni kwao, hakuna wa kuhesabu.

"Viatu je?" Mama Nuala akauliza, uso umekauka kabisa.

"Mama, ukivivua naondoka."

Declan akacheka mpaka kodiani ikapumua yenyewe.

Kabla ya kuanza niliuliza majina ya nyimbo ili tuyaandike kwenye jalada. Declan akasema, "Huu ni ule unaofuata ule mwingine." Nikamgeukia mama. "Huu nilipewa na tarishi wa kijijini kwetu." Nikauliza jina. "La tarishi?" Basi jalada la CD ile lina nyimbo tatu zenye jina moja, na moja imeandikwa tu kwamba ni ya tarishi.

Kasongo tulimsimamisha mlangoni nje awe mlinzi wa ndege. Akiona moja inakuja, ainue mkono, sisi tunangoja ipite. Ilikwenda vizuri kwa nyimbo chache. Kisha nikasikia mngurumo, nikageuka kutazama mlangoni, na mlinzi wa ndege yuko nyuma yangu, macho amefumba, anatikisa kichwa.

"Kasongo, ndege."

"Wacha ipite," akasema bila kufumbua. "Iko kwenye ufunguo."

Na kweli ilikuwa kwenye ufunguo, yaani mngurumo wake ulilingana na sauti ya wimbo. Imo hadi leo katika wimbo wa nne, sikilizeni upande wa kushoto. Mama Nuala aliisikia akasema ibaki, inapiga vizuri kuliko mpiga dufu aliyewahi kuwa naye.

Mchana ulikwenda hivyo. Kila walichopiga kilikuwa kile kile nilichokiona Jumapili, na miguu ikisikika chini yake kama moyo wa ng'ombe mzima. Otis hakugusa kitu. Alikaa nyuma yangu na mikono mfukoni, na kwa Otis hiyo ni sawa na kupigiwa mizinga ishirini na moja.

Ukabaki mkupuo mmoja wa mwisho, nyimbo tatu za kuunganisha. Mashine zetu za siku hizo zilitumia kanda kama za video, na namba zilinionyesha kwamba kanda iliyomo inatosha mkupuo mmoja, kwa nafasi. Nikawapa ishara. Mama Nuala akaanzisha. Wimbo wa kwanza, jicho, wakaruka. Wa pili, jicho, wakaruka. Wa tatu wakauzungusha mara moja, ya pili, ya tatu, na sasa ilikuwa ainue macho wamalize.

Hakuinua.

Alikuwa anatazama nyuzi zake. Wakazunguka tena. Declan anamtazama, anangoja, vidole vinakwenda. Tena. Nikaangalia namba za kanda, nikainua mkono niwaonyeshe kwamba inaisha, na Otis akaushika ule mkono hewani akaushusha pajani kwangu, kama unavyomshusha mtoto kanisani. Wakazunguka tena. Kanda ikafika mwisho, mashine ikalia kak, ikaanza kujirudisha yenyewe.

Ndiyo maana albamu ile inakatika ghafla, katikati ya wimbo wa mwisho. Otis alimpa Mama Nuala njia mbili: tuukate pale mzunguko mmoja ulipokamilika, au tuipunguze sauti taratibu ifie mbali. Akakataa zote. "Acha pale kanda ilipoacha," alisema. "Ninyi mmeishiwa. Sisi hatukuishiwa." Watu walizirudisha CD dukani kwa magunia wakidhani ni mbovu. Mmoja alinipigia simu studio akanituma nirudi shule. Nikamwambia nimeshasoma, tatizo lilianzia hapo.

Lakini ninyi mmeniuliza kuhusu kazi, na kazi ilikuwa hii iliyofuata, ambayo haimo kwenye CD yoyote. Nilivua hedifoni nikaziweka chini. Hapakuwa na la kurekodi tena, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nihitimu kusikiliza muziki bila kuukagua. Watu wanne na mtunza friji, jua linaingia kwenye mbao. Wale wawili walijua kwamba kanda imekwisha, maana mashine ilipiga kelele ya kumwamsha maiti. Wakaendelea.

Mwishowe Mama Nuala akainua macho, akamtazama Declan. Ndiyo ishara yenyewe, tumalize. Declan aliiona. Mimi nilimwona ameiona. Akageuza uso akatazama dirishani kama mtu ambaye hakuona kitu, mguu wake ukapiga sakafu, na wakazunguka tena.